Daktari wa Chumba cha Mashine

Daktari wetu alikuwa na mashine ya kuona figo ya paka, mashine ya kupima damu ya mbwa, na mashine ya kumlaza sungura usingizi na kumwamsha salama, lakini hakuwa na ulimi wa kumwambia mtu kwamba mnyama wake anakufa. Nimekaa mapokezi ya kliniki yake hapa mtaa wa Kibagabaga miaka mingi. Nimeona wateja wakitoka na picha za eksirei mikononi kama watu waliotoka kupiga picha za harusi, na sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo mbele ya mwenye mbwa au paka. Nilikuwa namcheka. Nilimcheka mpaka mbwa wangu mwenyewe, Karani, alipoacha kula, nami nikawa wa kusubiri jibu moja tu kutoka kwake: atapona au hatapona.

Karani aliachwa kliniki akiwa mtoto, na familia iliyohama nchi. Binti yangu Neema alikwisha kuolewa Mwanza na nyumba ilikuwa kimya, nikamchukua. Jina alilipata kwa kukaa chini ya meza yangu na kumkagua kila anayeingia. Majirani walishangaa kumwona mama mzima, tena Mtanzania mwenye heshima zake, anaongea na mbwa barabarani. Niliwaacha washangae.

Lakini nianze na mtu mwenyewe, maana ukisikia habari za mbwa kwanza utamhurumia daktari, nami sitaki umhurumie mapema.

Ni mtu mrefu, mwembamba, mpole hadi anaudhi. Kwao wapi na baba yake nani, hayo waulize wengine. Mimi ninachojua ni kwamba Kiswahili chake ni cha Bujumbura, Kifaransa kinakijia juu kila akitaka kujikweza, na koti lake jeupe hupigwa pasi na mkewe hadi mikono inasimama yenyewe. Hanyanyui sauti. Hata mbwa akimng'ata, humwomba radhi mbwa.

Fahari yake yote imo katika chumba cha nyuma. Kuna eksirei, kuna ile mashine ya kuangalia tumboni ambayo yeye huiita eko, kuna kipima damu, kuna mashine ya nusukaputi na kioo chake cha mapigo ya moyo, kuna kisanduku cha oksijeni, kuna na leza ya kutuliza viungo vya mbwa wazee. Kila moja ina kitambaa chake cha kufuma, kazi ya mkewe, chenye maua pembeni. Ukiingia unavua viatu. Mbwa naye anafutwa miguu, yote minne, kwa taulo maalumu. Nimewaona mabwana wakubwa wamesimama mle na soksi zilizotoboka, wamembeba mbwa mwenye kupe tu, wakisubiri kutembezwa.

Maana ilikuwa lazima akutembeze. Ulikuja kuchanja, ukatembezwa. Ulikuja kuuliza choo, ukatembezwa. Alifunua kitambaa kimoja kimoja, akaeleza mashine imetoka wapi na inaona nini, kisha akafunika tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mteja mmoja Mkenya, mtu wa ofisi, aliniambia amekuja na paka anayetapika na ameondoka na elimu.

Sasa nisizisingizie mashine. Zilikuwa nzuri. Mbwa mmoja mfupi wa miguu aliletwa hajapata choo siku kadhaa, amevimba, na eko ikaonyesha gunzi la mahindi limekaa katika utumbo limetulia. Akapasuliwa mchana ule ule, na jioni alikuwa anatafuta gunzi jingine. Kazi ile nilimvulia kofia. Tatizo langu halikuwa mashine, lilikuwa mtu aliyejificha nyuma yake.

Mashine mpya ikifika ilikuwa sherehe. Viti viliazimwa, Fanta zililetwa, utepe ulikatwa, na Padri aliitwa kubariki. Kilipokuja kipima damu cha kwanza, Daktari hakulala kwa furaha. Padri wetu ni mtu wa kiasi, alisoma sala yake na kunyunyiza matone mawili matatu kwa mbali. Daktari akaona ni machache. Mashine ilikuwa ya bei na jicho la watu ni baya, akamwomba kwa heshima zote aongeze.

"Padri, usibanie," alisema. "Na huku nyuma pia, huku haijapata kitu."

Huku nyuma ndiko kulikokuwa na matundu ya kupitishia hewa. Padri akaongeza, akaongeza vizuri, watu wakaitikia amina. Ilipowashwa ikatoa mlio mmoja na harufu ya waya, basi. Haikupima hata tone moja la damu ya kiumbe yeyote. Fundi alipiga simu kutoka Nairobi akauliza ni kimiminika gani kilichoingia ndani, na Daktari, Mkatoliki wa kukomunika kila Jumapili, akamjibu kuwa ni umande. Nilikuwa nimesimama karibu. Umande, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Kilichokuja baada ya hicho kilibarikiwa kikiwa ndani ya boksi lake, na nailoni juu.

Hicho cha pili nacho alikiamini kupita kiasi. Siku moja alipima damu ya yule paka wa Mkenya huku mashine imewekwa kwenye mbwa, maana unaichagulia mnyama kabla ya kuanza. Majibu yakatoka ya ajabu. Mtu mwingine angeishuku mashine. Yeye alimshuku paka. Alimpima tena, akamtazama machoni, akamwuliza mwenye paka kama ana uhakika huyu ni yule yule wa juzi. Mchana kutwa alimzuia paka mzima kwenye kisanduku cha oksijeni, na alipogundua kosa lake alimwambia mteja kwamba mashine imebadilisha mawazo.

Kuna aproni ya risasi, ile nzito ya kujikinga na miale wakati wa eksirei. Mtu wa kawaida huivaa akipiga picha na kuivua akimaliza. Daktari aliipenda jinsi inavyomjaza kifua, akawa anatoka nayo hadi getini kupokea wageni. Safari moja alikwenda nayo Kanombe kumwona mbwa wa mwanajeshi mstaafu, mzee mcheshi mwenye mabanda ya kuku. Mzee akamzunguka, akaigonga aproni kwa kidole, akamwuliza anaogopa nini. Daktari akaanza somo la miale.

"Miale gani, Muganga?" mzee akamwuliza. "Hapa iko kuku tu."

Habari hiyo ilifika kliniki kabla yake, kwa simu, na mzee mwenyewe ndiye aliyepiga.

Eko inataka tumbo linyolewe, na Daktari hakujua kunyoa. Mbwa walitoka wamekwaruzwa. Badala ya kujifunza, alikwenda Gisimenti akamleta kinyozi, kijana wa saluni anayenyoa vijana mitindo, akamvalisha koti jeupe. Kijana alinyoa vizuri kuliko tulivyohitaji. Mbwa wa Kibagabaga wakaanza kutembea na matumbo yaliyochongwa pembeni, na mteja mmoja akauliza kama na paka wake anaweza kuwekewa mstari.

Na kile kioo cha mapigo ya moyo, alikifungulia sauti hadi mwisho ili waliokaa nje wasikie mnyama wao anavyopiga, pip, pip, pip. Aliona ni faraja. Hakufikiria kwamba akichomoa waya ili afute meza, sauti inakatika, na mama wa watu aliye nje anaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbilia maji.

Haya ni ya kuchekesha, na ningeyasamehe yote. Ambalo silisamehe ni danadana.

Mnyama akiwa wa kupona, Daktari alizungumza kama redio. Akiwa wa kufa, mashine zilianza kuzungumza badala yake. Hakusema mbwa wako ana saratani. Alisema apareyi, yaani mashine, imeona kivuli. Hakusema moyo umechoka, alisema grafu haijapendeza, tungoje ya wiki ijayo. Mteja akiuliza waziwazi, anapewa picha. Akiuliza mara ya pili, anapangiwa kipimo kingine. Nilikuwa naandika miadi hiyo mimi, kwa mkono wangu, na nilikwisha kujua kwamba mnyama anayepangiwa vipimo mfululizo hatamaliza mwezi.

Alikuwepo mama mmoja Mrundi, mfanyabiashara wa vitenge mjini, na mbwa wake mkubwa aliyeitwa Jenerali. Moyo wa Jenerali ulikuwa umekwisha. Daktari alimpima Jumatatu, akaona aliyoyaona, akamwambia mama warudi Alhamisi kwa eko nyingine. Yule mama akafurahi. Aliye na Alhamisi ana matumaini, kwa hiyo Jumatano akaenda dukani kama kawaida, na Jenerali akafa mchana huo peke yake, kwenye sakafu ya jikoni. Wiki ileile mama akaja na kreti ya soda kumshukuru Daktari, akisema alipigana hadi dakika ya mwisho. Daktari akapokea soda. Yule mama hakujua kwamba alinyimwa Jumatano yake, ambayo angekaa nyumbani na kichwa cha mbwa wake kimelala mapajani. Nilimchukia Daktari siku hiyo, na nilikunywa Fanta yangu kwa hasira.

Usidhani alikuwa mtu asiyejua kusema ukweli. Kabla ya kliniki alitibu ng'ombe huko Nyagatare miaka mingi, na wafugaji wa zamani bado walimpigia simu. Hapo ungemsikia mtu mwingine kabisa. Anauliza maswali matatu, anyamaze, aseme: huyo hatafika kesho, usinunue dawa tena. Hakuna apareyi wala kivuli. Anakata simu na kurudi kwa mama mwenye paka kumwambia kwamba grafu haijapendeza. Nikamwuliza siku moja, kwa nini wale anawaambia.

"Mwenye ng'ombe anaangalia ng'ombe," alinijibu. "Mwenye mbwa ananiangalia mimi."

Nikaona ni kisingizio tu, nikarudi kwenye meza yangu.

Nyumbani kwake hana hata kuku. Mkewe alipiga marufuku. Mchana anakula brosheti, ile mishikaki ya mbuzi, Gisimenti, mahali palepale, na mifupa anaifunga kwenye karatasi kumletea Karani. Kwa miaka yote hiyo Karani alimjua kwa harufu ya mbuzi wa kuchoma na alimsikia kabla gari halijafika getini. Nilimwambia mara nyingi kwamba mifupa iliyochomwa haifai kwa mbwa na kwamba yeye ndiye daktari. Aliitikia, kisha akaendelea kuleta.

Ndiyo sababu siku Karani alipoigeuzia mifupa mgongo, tuliacha kazi wote wawili. Daktari akapiga magoti papo hapo, chini ya meza yangu, akaingiza mkono chini ya tumbo lake. Mkono ulipita taratibu, ukafika upande wa kushoto nyuma ya mbavu, ukasimama. Akainuka, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko kawaida.

"Tufanye eko, Mama Neema," aliniambia, bila kugeuka.

Eko ilionyesha kivuli kwenye wengu, lakini eti picha haikutulia kwa kuwa Karani alihema. Tukapima damu. Damu ilipungua, lakini si ya kutisha. Tukapiga eksirei ya kifua, kisha nyingine ya ubavu, kisha damu tena. Kinyozi wa Gisimenti alikuja kumnyoa, na kila manyoya yalipoanza kuchipua akaja tena. Daktari hakunitoza kitu. Alimbeba Karani mwenyewe mikononi, alimfunika na kile kitambaa cha maua cha mashine ya eko, na kila tulipomaliza alisema twende kwanza na hiki, kisha tuone.

Na mimi? Mimi niliyeijua hesabu hiyo ya vipimo kuliko mtu yeyote wa Kibagabaga, niliyabeba maneno yake nyumbani kama dawa. Neema alipopiga simu kutoka Mwanza kuuliza habari za mbwa, nilimwambia tunasubiri kipimo cha Ijumaa. Nilijua ninapigwa danadana, na nilitaka nipigwe. Lakini nilitaka pia mtu mmoja anizuie, na aliyekuwa na haki ya kunizuia alikuwa yeye. Karani alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Usiku na mchana alibadilisha upande wa kulalia, akitafuta ule usiouma, na haukuwepo.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ambayo barabara hufungwa hadi iishe. Majirani walikuwa wanazibua mtaro chini ya nyumba yangu, na miaka yote Karani huwa anayabwekea majembe hadi kazi iishe. Safari hii alinyamaza. Kiongozi wetu wa mtaa akapanda hadi getini kuuliza mkubwa wa zamu yuko wapi leo. Nikamwonyesha pale barazani. Alimtazama, akavua kofia yake, na watu wawili waliokuwa na majembe wakaja kunisaidia kumweka kwenye gari la jirani mara tu barabara zilipofunguliwa.

Daktari, ambaye nilimpigia simu, alikuwa ametutangulia. Nilimkuta chumba cha nyuma amefunua mashine zote, zote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Eko inanguruma, kipima damu kimewashwa, kioo cha moyo kinasubiri waya. Akaniambia leo tutapata picha nzuri, leo hatahema sana. Akachukua mashine ya kunyolea yeye mwenyewe, kwa kuwa kinyozi hakuwa amefika.

Karani hakuweza kuinua kichwa. Lakini aliposikia mlio wa ile mashine ya kunyolea, aligeuka. Aligeuka polepole, kwa maumivu, akalala chali na kumpa tumbo, kwa sababu ndivyo tulivyomzoeza.

"Daktari, zima," nilisema.

"Mama Neema, hii moja tu."

"Zima zote."

Alizima moja moja. Ile ya mwisho ilipokata ngurumo, niliisikia pumzi ya Karani ilivyo, na nadhani na yeye aliisikia. Nikamwuliza alijua tangu lini. Alitazama kipima damu, akatazama eko, na vioo vyote vilikuwa vyeusi.

"Tangu ile siku chini ya meza," alisema. "Nilishika tumbo, nikajua. Saratani iko kwenye wengu, na imeshapanda kwenye ini."

"Na vipimo vyote hivi?"

"Nilikuwa nangoja apareyi iseme. Ikisema yenyewe, si mimi niliyekwambia."

Nilimwambia ni mwoga. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu, ili asikose hata neno. Nilimwambia kwamba mkono wake ulijua kila kitu na ameufunika na vitambaa vya maua, kwamba Karani ameteseka ili yeye asitazamwe vibaya na karani wake wa mapokezi. Nikamwambia na habari za Jumatano ya mama wa vitenge, ambayo nilikuwa nimeikalia muda wote huo. Hakujitetea. Nilipomaliza aliniuliza swali moja, kama nataka Karani alale mezani au chini. Nikasema chini, hapendi meza.

Tukamshusha. Nilikaa sakafuni, kichwa chake mapajani mwangu, na Daktari akapiga magoti upande wa pili na koti lake la pasi. Alinieleza atakachofanya, kwanza sindano ya usingizi, kisha ile nyingine, na kwamba Karani hatasikia hiyo ya pili. Alieleza kwa sentensi fupi, sauti ileile niliyozoea kuisikia akiongea na watu wa Nyagatare. Aliuliza kama niko tayari. Nikasema sitakuwa tayari, afanye tu.

Alifanya. Hakuunganisha waya wowote. Aliweka vidole viwili ndani ya paja la Karani, pale mshipa unapopita, akafumba macho. Tulikaa hivyo. Nje watu wa umuganda walikuwa wanarudi makwao na majembe mabegani, wanacheka jambo lao. Kichwa cha Karani kikazidi kuwa kizito mapajani mwangu.

Daktari akafumbua macho, akanitazama usoni.

"Amekufa, Mama Neema," alisema.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Najua," alisema, na vidole vyake akaviacha palepale.